Suvanto

Tulikuwa wanne, na koti moja la maana.
Aliyetumwa maziwa ya kahawa ndiye aliyelivaa,
waliobaki wakaota joto la kompyuta ya idara
iliyounguruma kama jokofu la mjane.

Tampere, Januari. Mto haukuganda penye maporomoko.
Viwanda vya matofali mekundu vilikuwa vimefungwa,
na baba yake Ilpo, fundi wa mitambo ya kufuma,
alikaa jikoni akisoma gazeti la juzi
kana kwamba habari zingebadilika.

Sisi tulikuwa tunajenga dirisha.
Kivinjari, mnasema leo,
kama vile kitu kilizaliwa na jina mkononi.
Tulikiita Suvanto:
yale maji yanayotulia chini ya poromoko,
pale mto unapokumbuka kuvuta pumzi.

Kurasa za dunia nzima zilikuwa chache.
Ungezimaliza kabla ya chakula cha mchana:
orodha ya simu za maabara fulani,
maelezo ya mashine zisizouzwa tena,
ratiba ya mabasi ya mji nisioujua
ambao mabasi yake nayakumbuka mpaka leo.
Outi alivipigia viungo mstari wa vitone.
Ukurasa usio na viungo, alisema, ni mwili uliolala.

Kila ulipobofya, dirisha jipya lilifunguka
juu ya la zamani, juu ya la zamani zaidi,
hadi skrini ikawa kamba ya kuanikia nguo za ukoo mzima.
Sisi tuliona ni fahari.

Bi Raakel alifagia ghorofa yetu saa kumi na moja alfajiri.
Siku moja aliegemeza ufagio ukutani, akaomba kujaribu.
Alishika kipanya kama mtu anayeshika yai.
Akaenda. Akaenda tena.
Akafika kwenye picha ya nyota, nyeusi na nyeupe,
iliyochukua dakika tisa kushuka, mstari kwa mstari,
na hakuondoa macho.
Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida:
"Na nikitaka kurudi?"

Tukatazamana.
Maji yakimwagika hayazoleki:
juu ya methali hiyo, bila kujua,
tulikuwa tumejenga mtambo mzima.

Tarmo alikesha usiku tatu.
Mistari arobaini, na mshale mdogo ukitazama kushoto.
Bi Raakel akaubonyeza mara sita, akacheka,
akachukua ufagio wake.
Sijapata sifa nyingine kama ile.

Halafu benki zikaporomoka kama theluji ya mapaa,
bwana mwenye tai akauliza nani atanunua kitu hiki,
na kwingine, penye fedha, wengine wakajenga yao
yenye picha za rangi. Hatukuibiwa. Tulichelewa tu,
au tuliwahi mno; sijawahi kujua tofauti.
Ilpo alikwenda Lahti kuuza bima.
Katika historia ya kompyuta tuna sentensi moja,
na humo jina la Outi limekosewa herufi.

Mwaka huu kijana wa makumbusho alinipigia simu.
Jungu kuu halikosi ukoko: ameipata diski, ameiwasha.
Nikaketi. Vidole vyangu vizee vikaijua njia.
Nilibofya kila kiungo. Ukurasa haupo.
Ukurasa haupo. Hata yale mabasi.

Mshale tu ndio ulifanya kazi.
Nikarudi, nikarudi, nikapita tulikopita,
mpaka ukurasa wa kwanza kabisa, wa majaribio,
aliouandika Ilpo kabla hatujaamka:

"Baba, hili ni jaribio.
Ukiyaona maandishi haya, nipigie."
Na namba ya simu, tarakimu sita.

Mzee yule hakuwahi kugusa kompyuta.

Nikasogeza kipanya kwenye mshale tena.
Ulikuwa umefifia, rangi ya majivu.
Nyuma ya hapo Tarmo hakuufundisha kwenda.